Alisema Anaenda Ateliye

Kiangazi kile, shule zilipofungwa kwa likizo kubwa, alikuja Kamina mwanamke mmoja mcheza dansi. Alizaliwa hapa kwetu, katika nyumba za reli, akaondoka akiwa msichana, akasomea dansi Lubumbashi, kisha Kinshasa, kisha ng'ambo. Sasa alirudi kwa majuma matatu kumfundisha yeyote atakayependa. Tangazo lake lilibandikwa kwenye mlango wa parokia na kwenye ukuta karibu na kituo cha treni: ateliye, yaani karakana ya mafunzo, ya dansi ya sasa, kila siku isipokuwa Jumapili, tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Hakutaja umri, wala hakudai mtu awe anajua kitu.

Mimi nilikwenda nikiwa najua tayari. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, sijaolewa, naishi na mama katika nyumba aliyotuachia baba, mtu wa reli. Mchana nilishona nguo barazani. Jumamosi niliwafundisha wasichana wa kwaya wanaocheza mbele ya altare siku za sikukuu, na maharusi wa mtaa wetu hawakuingia ukumbini bila kuja kwangu kwanza kujifunza mwendo. Nilitaka yule mgeni aone kwamba na sisi tuna kitu.

Siku ya kwanza alinitazama nikicheza mpaka nikamaliza. Akasema, "Ni vizuri. Sasa acha kucheza. Toka ukuta huu, tembea mpaka ule."

Nikatembea. Akasema, "Hapo bado unacheza."

Nikarudia. Nilirudia mara tano au sita mbele ya wenzangu, na kila mara kiuno au bega liliongeza kitu bila ruhusa yangu. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mama aliponiuliza tumejifunza nini, nilimjibu kwamba tumejifunza kutembea. Akacheka, akaniambia kazi hiyo alinimalizia zamani.

Tulifanyia mazoezi katika jumba la zamani ambamo wafanyakazi wa reli walikuwa wakija kunywa na kucheza karata. Sakafu yake ilikuwa ya simenti nyekundu, na mwezi wa saba asubuhi ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Tuliifagia kila siku, na kila siku vumbi lilirudi. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Idadi hiyo ilimsumbua mwalimu, kwa sababu mazoezi mengi yalitaka wawili wawili, na kila mara mmoja alibaki.

Siku ya nne alitokea mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka kumpimisha mtoto uzito kwenye kituo cha afya, akasikia vishindo vya miguu bila muziki, akaja kuangalia kuna nini. Mwalimu alimwambia, "Ingia, mama. Tunakosa mtu mmoja." Nilitegemea angekataa, kwa kuwa kila mtu hukataa kwanza. Yeye alivua ndala, akafungua kitambaa, akamlaza mtoto karibu na ukuta, akaja kusimama mbele yangu, maana siku hiyo mimi ndiye niliyebaki.

Zoezi lilikuwa hili: mnasimama mgongo kwa mgongo, kila mmoja anampa mwenzake uzito wake, mnashuka mpaka chini na kupanda tena bila kushika kitu. Nilikuwa nimeshindwa nalo siku mbili. Ama nilijikaza tukaanguka, ama nilimsukuma mwenzangu. Yule mwanamke aliegemea tu. Tulishuka, tukafika chini, tukakaa kidogo. Nilisikia pumzi yake katika mbavu zangu.

Aliniambia kwa sauti ndogo, akiniita yaya, yaani dada, "Yaya, weye uko unanibeba. Usinibebe. Minyi niko." Yaani mimi nipo.

Baadaye nilimuuliza amejifunzia wapi. Aliona swali langu la ajabu. Alikuwa amekulia upande wa Mulongo, kwenye Lualaba, na tangu utoto alisimama katika mtumbwi na ndugu zake wakivua samaki. "Mu bwato, ukijikaza unaanguka," alisema. "Unaachia miguu yako isikie mwenzako iko anafanya nini." Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mumewe alikuwa askari, sajini, mtu wa jimbo lingine, nao waliishi katika kambi ya jeshi iitwayo Base, nje ya mji. Kila asubuhi alikuja kwa pikipiki, mtoto katikati yake na dereva, nywele zimejaa vumbi la barabara.

Mwalimu hakututenganisha tena. Katika juma la pili alitupa kazi yetu wawili, ya dakika chache, tuitayarishe kwa ajili ya onyesho la Jumamosi ya mwisho. Ndani yake tulitembea, tulianguka, tuliinuana, na mahali pamoja mimi nilipaswa kumwangukia kwa nyuma bila kuangalia. Mahali hapo palinichukua siku tatu. Siku nilipoweza nililia, na sikujua nalia nini. Tangu baba afe hakuna mtu niliyemwegemea kwa chochote. Mama ndiye aliyeniegemea mimi. Yule mwanamke alinishika chini ya makwapa akangoja nimalize, huku akimwimbia mtoto wake aliyekuwa ameamka.

Siku moja, wakati wa mapumziko, alikuwa akinyonyesha nami nagawa mikate ya kukaanga. Nikamuuliza mumewe anasema nini juu ya dansi. Akainama juu ya mtoto.

"Hayui," alisema.

"Hajui namna gani? Unakuja kila siku."

"Nilimuambia minaenda ku ateliye. Akauliza, ya kushona? Minyi nikanyamaza. Akafurahi sana, yaya. Akasema ni vizuri bibi yake ajifunze kazi."

Nilicheka. Hilo ndilo linalonirudia sasa, kwamba nilicheka. Kwetu neno ateliye ni la fundi wa nguo, la seremala, la makanika wa reli, na sasa lilikuwa la kwetu pia. Niliona ni mchezo wa neno tu. Nikamwambia kwamba hakudanganya kabisa, kwa kuwa mwenziwe katika ateliye hiyo ni mshonaji kweli. Naye akacheka, lakini si sana.

Siku mbili baadaye, mchana, nilikuwa barazani na mashine yangu, na mwanamume wa kijeshi akapiga hodi kwenye uzio. Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia mkononi. Alitaka kumwona mama anayefundisha kushona; alikuwa ameuliza mtaani, akaelekezwa kwetu. Mama yangu, ambaye hakujua lolote, alimwonyesha mimi kwa kidole.

Alikaa kwenye kiti nilichompa, ukingoni, kama mtu aliyekuja kuposa. Alisema amekuja mjini kwa kazi ya kambi, akaona si heshima kupita bila kumsalimu mwalimu wa mke wake.

"Tangu aanze kuya huku, amebadilika," alisema. "Anaamka na furaha. Mbele alikuwa anakaa tu, anaangalia mulango. Minyi nilikuwa naogopa. Kwetu ni mbali, kwabo ni mbali, hapa hana muntu."

Nikasema ndiyo, ni mwanamke mwenye bidii.

"Anajifunza muzuri?"

"Anajifunza vizuri sana," nilisema. Ilikuwa kweli.

Akatoa kitambaa kilichofungwa ndani ya gazeti, cha rangi ya samawati, laini, kipande kidogo. Aliomba kazi ya kwanza ya mkewe iwe shati la mtoto la Jumapili. Aliniomba nimwongoze, nisimfanyie, ili ajue mwenyewe. Nilikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa mtu mpole, jua lilikuwa bado juu, mama alikuwa amekwenda jikoni, na hapakuwa na mwingine wa kusikia. Niliona maneno yote yalivyopaswa kupangwa. Halafu nikafikiria kwamba siri si yangu, na kwamba mkewe mwenyewe atasema wakati wake, na kwamba nikisema kesho hatakuja na nitabaki tena bila mwenzangu. Sijui ni lipi kati ya haya lililonifunga mdomo. Naogopa ni la mwisho.

"Aksanti, mwalimu," alisema, akaenda zake.

Kesho yake nilimweleza mkewe. Alikaa chini kwenye simenti. "Tutafanya namna gani?" aliuliza. Nikamwambia nitalishona mimi, ni kazi ya saa moja, na onyesho likipita atamwambia mumewe mwenyewe. Nikalishona. Nilifanya kola isiwe sawa kidogo, na pindo moja niliacha limepinda, ili ionekane ni kazi ya mwanafunzi. Nilijiona mwerevu.

Mumewe alilibeba lile shati kuwaonyesha wenzake kambini. Majirani wakaja na vitambaa vyao: suruali ya kupunguza, sketi ya shule, gauni la ubatizo. Mkewe alivileta kwangu ndani ya mfuko wa plastiki, uso umebadilika, nami nikavishona mchana baada ya mazoezi, huku nikiharibu kidogo kidogo hapa na pale. Alianza kukosea katika kazi yetu ya dansi. Alichelewa kushuka, au alinishika mapema. Mwalimu aliona, akauliza, tukamjibu wote wawili kwamba ni uchovu.

Jumatatu ya juma la tatu alikuja bila mtoto. Alikuwa amemwacha kwa jirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinivuta nje, nyuma ya jumba, penye mabehewa mabovu.

"Bamemupa mutasyo," alisema. Mumewe amehamishwa. Waondoke Ijumaa asubuhi, familia nzima, kwa lori mpaka Lubumbashi na kutoka hapo mbele zaidi. Alitaja mji ambao sote wawili hatukuwahi kuuona.

Nikamwambia onyesho ni Jumamosi. Ni neno la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Na iko kingine," alisema. "Amenipatia mashini."

Mjane wa askari mwenzake alikuwa na mashine ya kushona ya miguu, nzuri, ya zamani. Mumewe aliipata kwa kutoa redio yake na baiskeli yake. Alimwambia mkewe kwamba sasa hana wasiwasi na uhamisho huu: kokote watakakokwenda, yeye atakuwa na kazi ya mikono, atajuana na watu, hatakaa tena kuangalia mlango. Aliifunika mashine kwa blanketi yao wenyewe.

Tulimwendea mwalimu sote wawili, nikamweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, akifunga na kufungua kitambaa cha goti lake. Nilidhani mtu aliyetembea dunia angekuwa na njia.

"Aseme ukweli," alisema. "Leo."

Yule mwanamke alitikisa kichwa.

"Basi niende nimwambie mimi. Nitamweleza dansi ni nini."

"Hapana, mama. Ukimuambia weye, ataona haya mbele ya bote. Baiskeli ameshatoa."

Mwalimu akakifunga tena kile kitambaa cha goti. Kisha akaniambia mimi, si yeye, "Jumatatu ijayo mimi naondoka. Nikiingia nyumbani kwa watu na kutoka, nani atabaki na hicho nilichokivunja?" Alituruhusu tusije mazoezini tufanye tunachoweza.

Tulikuwa na siku tatu. Nilimfundisha barazani kwetu tangu asubuhi mpaka jioni, mtoto amelala kwa mama yangu. Nilifikiri kwa miguu ile inayosikia kila kitu, mashine ya miguu itakuwa rahisi. Haikuwa hivyo. Kila alipoanza, gurudumu lilirudi nyuma na uzi ukakatika. Alipopata kulipeleka mbele, mikono ilisahau kitambaa. Mimi nilijifunza kushona kwa shangazi kwa miaka miwili kabla hajaniruhusu kukata nguo ya mteja. Sasa nilitaka kuyaingiza yote hayo ndani ya kichwa cha mtu anayelia. Nilimkemea. Nilisema, "Angalia mkono wangu, si uso wangu." Siku ya pili sindano iliingia kwenye kidole chake mpaka kwenye kucha. Alikiweka mdomoni, akaendelea kukanyaga.

Mama yangu alituangalia kutoka mlangoni. Kwa lugha yetu ya Kiluba alimwambia yule mwanamke aje ale bukari, ugali wetu, kwanza, kidole kipumzike. Mimi aliniambia baadaye, tukiwa wawili, "Ungemwambia yule bwana siku ile alipokaa kwenye kiti." Hakurudia tena, na hakuhitaji.

Kufikia Jumatano jioni aliweza kushona mstari mmoja ulionyooka, urefu wa mkono. Alikuwa akiushika juu ya mwanga kuutazama. Kukata hakuweza, kola hakuweza, zipu hatukuigusa. Alhamisi alikuja kwa saa mbili tu, kwa sababu ya kufunga vyombo. Nilimkatia patroni za karatasi: gauni la mtoto, sketi, shati, na juu ya kila moja niliandika kwa herufi kubwa mbele, nyuma, mkono. Alisoma shule ya msingi miaka minne. Alisoma maneno yale polepole, kwa kidole chenye kitambaa.

"Tufanye ile yetu, yaya," alisema alipomaliza. "Mara moja."

Tulisogeza kiti. Baraza yetu ni nyembamba, tukaifanya kazi ile kwa nusu, mgongo kwa mgongo, tukashuka. Tulipofika mahali pangu pa kuanguka, nilisimama. Nilijua yuko nyuma yangu, nilisikia pumzi yake, na mwili wangu haukukubali. Alingoja. Kisha alizunguka akaja mbele, akafunga mtoto mgongoni, akasema pikipiki inamngoja.

Ijumaa lori lilisimama karibu na kituo cha treni kuchukua familia nyingine. Nilikwenda na mfuko wa nyuzi, sindano za akiba na mafuta ya mashine. Mashine ilikuwa katikati ya lori, imefungwa kwa kamba, blanketi juu, na yeye amekaa kando yake na mtoto aliyevaa shati la samawati. Mumewe alishuka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kama si weye, ningemupeleka kule na roho ya mashaka," alisema. "Mungu akubariki, mwalimu."

Nikasema, "Safari njema." Nilitazama juu. Mkewe hakunitazama kwa lawama. Angefanya hivyo ningepumua. Alinitazama kama anavyotazama mtu ambaye bado anangoja mwenzake afikirie kitu. Dereva akapiga honi, wanaume wakapanda, wakaondoka na vumbi lao.

Jumamosi tulifanya onyesho. Jumba lilijaa: watu wa kwaya, wafanyakazi wa reli waliostaafu, watoto madirishani. Mwalimu mwenyewe alishika nafasi ya mwenzangu. Alikuwa na mwili unaojua kila kitu, alinishika kila mahali kwa wakati wake, na nilipoanguka nilianguka bila hofu na bila kusikia chochote. Watu wengine walicheka tulipobingirika chini. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama tunaumwa. Mwisho walipiga makofi mengi. Mwalimu alinikumbatia, akaniambia hatimaye nimeacha kucheza. Jumatatu aliondoka. Alinitumia ujumbe mara mbili, nikamjibu, halafu tukaacha.

Nilimpigia yule mwanamke kila Jumapili, na simu yake haikupatikana. Nilijiambia ni mtandao wa huko. Niliendelea kushona, na Jumamosi niliendelea na wasichana wa kwaya. Niliwaambia watembee tu, toka ukuta huu mpaka ule, nao wakaniona nimechoka na maisha.

Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza alipopiga yeye, kwa namba nisiyoijua. Nilitoka barazani nikasimama penye mvua ndogo ili nimsikie. Mtoto anatembea, alisema. Wamepewa chumba kimoja na jiko la nje. Nikamuuliza habari za mumewe, akanieleza.

Alimwambia mumewe wakiwa wenyewe wawili, juma la pili baada ya kufika, mke wa mkubwa mmoja alipoleta kitambaa cha thamani. Alimwambia yote, ya dansi, ya shati, ya majirani, na yangu mimi.

"Alikupiga?" niliuliza.

"Hapana. Hajawahi kunipiga. Alisikia mpaka mwisho. Akaenda kuripoti kazini. Mashini alimupa mukubwa wake amupe muntu anayejua." Alikohoa. "Anakuya, anakula, anacheza na mutoto. Minyi haniulizi kitu tena, yaya. Hata kama nimelala muzuri, haniulizi."

Nilitaka kumwambia kwamba itapita. Nilitaka kumwambia anipe mumewe kwenye simu, nimwombe msamaha, nimweleze alivyokuwa mkewe katika jumba lile, jinsi watu kumi na mmoja tulivyojifunza kwake. Nilimwambia hilo la pili. Akasema mumewe yuko kazini, na hata angekuwepo, asingeichukua ile simu.

"Na weye?" aliuliza. "Muko munacheza?"

"Sisi hatuchezi tena," nilisema. "Kila mtu alirudi kwake."

"Aa," alisema.

Nilitafuta neno lingine, chochote, hata swali juu ya bei ya unga huko. Nilisikia pikipiki ikipita, na mtoto akiita, naye akimwambia angoje. Hatukuagana. Salio liliisha, nikajaribu kumpigia kwa ile namba, na mwanamume nisiyemjua akapokea akasema ni simu ya dukani, yule mama ameshaondoka.